Kilicho Adimu Katika Njia ya Tabora

Wakusanyaji wa sarafu duniani wanalijua vizuri jina la Tabora. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamebanwa na vita, meli zao zimezuiwa na fedha imewaishia, walifua sarafu ya dhahabu ya rupia 15 katika karakana ya reli mjini humo. Upande mmoja waliweka tembo, na dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke. Zilifuliwa elfu kumi na sita na ushei, kisha Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakautwaa mji. Leo sarafu moja ya tembo huuzwa kwa mamilioni ya shilingi. Vitabu navyo vina soko la namna hiyo, ingawa kwetu halizungumzwi sana. Katika minada ya Ulaya na Marekani, juzuu mbili za Richard Burton kuhusu nchi za maziwa zilizotoka London mwaka 1860, kitabu cha John Speke cha 1863, cha Henry Stanley cha 1872 na cha Verney Cameron cha 1877 hutajwa kama vito. Wote wanne walipita Tabora, ambayo siku zile wageni waliiita Kazeh au Unyanyembe. Ndiyo maana mtu akisikia habari ya kukusanya vitabu adimu vya njia ya misafara iliyopita Tabora, akili humpeleka moja kwa moja kwa wazungu hao wanne na bei zao, akakata tamaa papo hapo. Nadhani hesabu hiyo imekosewa tangu mwanzo. Vitabu vya njia ile vilivyo adimu kweli ni vya Kiswahili na vya lugha za bara, vingi vidogo, vya jalada la karatasi, na anayeweza kuviokoa ni mwalimu wa Urambo au karani wa Nzega kuliko tajiri wa London.

Tuanze na neno lenyewe, adimu. Wengi hulichukulia kuwa sawa na kikongwe, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Kitabu huwa adimu pale nakala zilizobaki zinapokuwa chache, na uchache huo hauletwi na mwaka wa kuchapishwa bali na mikono kilimopita. Kitabu cha Stanley cha kumtafuta Livingstone kilichapishwa tena na tena na kutafsiriwa. Walionunua walikuwa na kabati za vioo, watumishi wa kufuta vumbi, na warithi waliofundishwa kuheshimu ngozi ya jalada na maandishi yake ya dhahabu. Miaka 150 baadaye nakala bado zipo, na mwenye fedha akiamua leo ataipata yake kabla ya mwezi kwisha. Kijitabu cha kusomea kilichotoka Tabora au Nairobi miaka ya 1950 kiliishi maisha mengine. Kilisomwa na watoto wanne kwenye dawati moja, kikapita kwa wadogo zao, kikapoteza jalada, kikaishia kwa muuza karanga, ukurasa mmoja mmoja ukikunjwa pembe na kujazwa. Hakuna aliyekosea hapo. Kitabu kilitumika mpaka kikaisha. Lakini ndivyo uadimu unavyozaliwa, kwa kitu kupendwa na wengi bila kuwekwa na yeyote.

Karatasi nayo ina shauri lake. Karatasi za zamani za Ulaya zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, nazo hudumu karne nyingi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 viwanda vilihamia kwenye miti, na karatasi rahisi ya mti hubaki na asidi inayoitafuna kutoka ndani: hugeuka njano, kisha kahawia, mwisho huvunjika vidoleni kama mkate uliokauka. Vitabu vingi vya bei nafuu vya Afrika Mashariki vilichapwa juu ya karatasi hiyo. Ongeza joto la Unyamwezi, vumbi la kiangazi, na mchwa wanaopanda ukutani usiku mmoja na kula rafu nzima, nawe utaona kwamba kijitabu cha mwaka 1955 kinaweza kuwa karibu na kifo kuliko kitabu cha mwaka 1860.

Atasema mtu kwamba njia ile haikuwa ya maandishi hata kidogo. Ilikuwa njia ya pembe za ndovu, ya watumwa, ya shanga na nguo za merikani, na historia yake imo vinywani mwa wazee. Masimulizi ni hazina, sibishi. Lakini ushahidi wa karatasi ni mwingi kuliko tunavyodhani. Burton na Speke walipoingia Kazeh Novemba 1857 walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani wa ukoo wa Harthi. Burton hakuwa mwepesi wa kusifu watu, lakini huyu alimweleza kuwa msomaji mkubwa, mwenye kumbukumbu ya ajabu, aliyesoma ili ajifunze na si kujiburudisha tu. Kwa hiyo hapo Kazeh, mwendo wa miezi kutoka pwani, palikuwa na msomaji wa vitabu kabla yeyote kati ya wale wazungu wanne hajachapisha hata mstari mmoja kuhusu mji huo. Barua za herufi za Kiarabu zilipanda na kushuka na misafara, habari za bei na vifo na madeni zikipishana njiani na mizigo ya frasila mbili mbili begani mwa wapagazi. Mjerumani C. G. Büttner alikusanya maandishi ya Kiswahili ya herufi hizo, barua zikiwamo, akayachapisha mwaka 1892. Na mwili wa Livingstone ulipobebwa kupitia Unyanyembe mwaka 1873, miongoni mwa wabebaji alikuwapo Jacob Wainwright, Mwafrika aliyesomeshwa India, ambaye aliandika shajara ya safari hiyo. Ilitoka mwaka 1874 kwa Kijerumani. Wainwright mwenyewe baadaye alifariki Urambo.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Baba yake aliishi karibu na Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ndoa hiyo ilikuwa mlango wa nguvu yote ya ukoo ule barani. Tippu Tip alipozeeka Unguja aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akazigeuza kwa herufi za Kirumi na kuzichapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani katika jarida la wataalamu la Berlin, mwaka 1902 na 1903. Tazama maana yake: mmoja wa watu waliotajwa sana katika vitabu vya wasafiri alijieleza kwa kinywa chake mwenyewe, kwa lugha yetu, akiwa hai, na maneno yake yakawekwa mahali ambapo Mswahili asingeyakuta. Brode alitoa pia kitabu chake juu ya Tippu Tip, kikatoka kwa Kijerumani mwaka 1905 na kwa Kiingereza mwaka 1907, na hicho ndicho kilichoenea. Ilibidi kungoja hadi 1958 na 1959, W. H. Whiteley alipoyatoa Maisha hayo kwa Kiswahili na Kiingereza kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kisha shirika la East African Literature Bureau la Nairobi likayafanya kitabu cha kununulika. Mkusanyaji anayeielewa njia hii hataridhika na nakala moja. Atataka hatua zote, kwa sababu kila hatua inaonyesha nani alihesabiwa kuwa msomaji wa maneno hayo: kwanza mtaalamu wa Berlin, kisha mtaalamu wa Afrika Mashariki, mwisho mwanafunzi. Nyongeza ile ya 1958 haina dhahabu wala ngozi, na mtu asiyejua angeipita kama ripoti ya ofisi.

Karibu nayo ningeweka Safari za Wasuaheli, iliyotolewa na Carl Velten mwaka 1901, ambamo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara hadi Ziwa Tanganyika, na Mtoro bin Mwinyi Bakari safari yake ya Udoe na Uzigua. Hawa waliiona nchi ileile aliyoiona Stanley, ila wao waliielewa lugha ya watu waliokutana nao. Vitabu vya enzi hizo vina thamani nyingine ambayo matoleo mapya hayana, nayo ni tahajia. Viliandikwa kabla ya Kiswahili sanifu, kwa kuwa kamati ya kusanifisha ilianza kazi mwaka 1930, na neno Wasuaheli kwenye jalada ni dalili moja tu. Anayerekebisha tahajia kwa ajili ya msomaji wa leo anafanya wema, lakini anafuta alama ya jinsi neno lilivyosikika sikioni mwa mwandikaji. Toleo la kwanza huzihifadhi alama hizo.

Tabora yenyewe imekuwa mji wa kuchapisha vitabu, jambo ambalo hata wenyeji wengi hawalipi uzito. Kanisa Katoliki lilikuwa na kiwanda chake cha uchapaji, na kwenye kurasa za mwanzo za vitabu vingi vya Kiswahili vya katikati ya karne iliyopita yameandikwa maneno T.M.P. Book Department, Tabora. Vilikuwa vitabu vya sala, katekisimu, vya kusomea shuleni, hadithi. Gazeti la Kiongozi lilianzia mjini humo mwaka 1950, na jina hilo halikuwa geni katika njia ya misafara, ambako aliyetangulia mbele ya wapagazi na kuwaongoza aliitwa kirangozi. Wamoravian nao walishughulika na Kinyamwezi: kamusi ya Edmund Dahl ilitoka Hamburg mwaka 1915, katikati ya vita, mwaka mmoja kabla ya sarafu ya tembo. Kisha kuna kijitabu cha J. B. Kabeya, Mtemi Mirambo, kilichotolewa na Literature Bureau miaka ya 1960, pale taifa jipya lilipoanza kumwita shujaa mtu ambaye wasafiri wa karne ya 19 walimwandika kuwa jambazi. Nakala ya kijitabu hicho ni ushahidi wa mageuzi hayo ya fikra, na ushahidi huo haumo katika Burton hata ukimsoma mara kumi.

Pingamizi linalofuata ni zito kidogo: katekisimu na vitabu vya darasa la tatu si fasihi, vina thamani gani? Jibu lililo wazi zaidi linatoka huko huko Uingereza. Chuo Kikuu cha Oxford kilipata nakala ya tamthilia za Shakespeare zilizotoka mwaka 1623. Toleo jipya lilipotoka miaka ya 1660, maktaba iliona la zamani halina kazi tena, ikaliachia. Mwaka 1906 ilichangisha pauni 3,000 kuinunua tena nakala ileile. Kwa maneno mengine, wasomi wenyewe walitupa kitu hicho kwa sababu iliyoonekana ya busara siku hiyo, na sababu yao ni ileile inayosafisha stoo zetu kila mtaala unapobadilika. Katika karne hiyohiyo ya 17, Samuel Pepys, mtumishi wa serikali, alikuwa akinunua nyimbo za mtaani na vijitabu vya peni moja walivyouza wachuuzi, vitu ambavyo watu wa hadhi yake waliviona takataka. Alivipanga na kuvirithisha chuo chake cha Cambridge, na leo anayetaka kujua Mwingereza wa kawaida alisoma nini, aliimba nini na alicheka nini hana budi kuanzia kwa Pepys. Anayetaka kujua Mnyamwezi aliyejua kusoma mwaka 1955 alisoma nini ataanzia wapi? Katekisimu ile ndiyo ilikuwa kitabu cha kwanza, pengine cha pekee, katika nyumba nyingi. Kuidharau ni kumdharau aliyeisoma.

Wengine husema mambo haya yamepitwa na wakati kwa kuwa kila kitu sasa kimo kwenye intaneti. Ni kweli kwamba Burton, Speke, Stanley na Cameron wanasomeka bure kwenye simu, hata ukiwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, karibu na lile tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Hilo linaunga mkono hoja yangu: waliokwisha kuhifadhiwa wanahifadhiwa mara ya pili, na kijitabu ambacho hakuna aliyekiweka hakiwezi kupigwa picha. Isitoshe, picha haimalizi kazi ya kitu chenyewe. Livingstone alipokuwa Nyangwe, magharibi ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1871 karatasi zilimwishia, akaandika juu ya gazeti la zamani la Kiingereza kwa wino alioutengeneza kwa mimea ya hapo. Wino ulififia, maandishi yakamezwa na chapa ya gazeti, na kwa miaka 140 hakuna aliyeweza kuyasoma sawasawa. Mwaka 2011 watafiti walitoa matokeo ya kuzipiga kurasa hizo picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, ambayo mingine jicho haliioni, na maneno yakajitokeza. Maelezo ya mauaji aliyoyashuhudia Nyangwe yakaonekana kutofautiana na yale ambayo Livingstone aliyaandika upya baadaye na ambayo wasomaji waliyapata katika kitabu cha 1874. Kama mtu angelinakili gazeti lile na kulitupa, ukweli huo ungekwenda nalo.

Liko pia swali la haki. Je, si afadhali vitabu hivi viwe maktaba ya umma kuliko sandukuni mwa mtu mmoja? Ni afadhali, na huko ndiko vinakostahili kuishia. Lakini ukifuatilia makusanyo ya umma tuliyonayo, mengi yalianza na mtu mmoja mwenye ari. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi Usukuma na Unyamwezi akikusanya sheria na desturi, ndiye aliyeacha karatasi zilizomo sasa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. J. W. T. Allen alihangaika pwani nzima akitafuta miswada ya Kiswahili kwa ajili ya maktaba hiyohiyo, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zilizoko Dar es Salaam na miswada ya Kiarabu ya Unguja zimeingizwa katika daftari la UNESCO la kumbukumbu za dunia, mwaka 1997 na 2003. Njia ya misafara, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, Kwihara ikiwamo, iliwekwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, lakini hapo hesabu ni ya majengo na vituo. Vijitabu vimebaki katikati, si jengo wala hati ya serikali. Mtu binafsi ndiye anayeweza kuliziba pengo hilo kwa miaka ishirini au thelathini, alimradi aandike mapema ni nani atakayepokea.

Haki hiyo ina upande wake mgumu, nao ni mihuri. Vitabu vingi vya zamani vinavyouzwa barabarani vina muhuri wa shule au parokia. Soko la Ulaya hushusha bei ya kitabu chenye muhuri wa maktaba. Kwa njia hii ya Tabora mimi ningeipandisha, kwa sababu muhuri wa shule ya kati ya miaka ya 1950 hutuonyesha Kiswahili cha kusoma kilifika wapi. Ila muhuri huo unadai swali kabla ya fedha kutoka mfukoni: je, kitabu kiliondolewa kwa ruhusa, au kilichukuliwa? Kama shule bado ipo, kwenda kuuliza ni wajibu. Mara nyingine jibu litakuwa kwamba vitabu vinachomwa wiki ijayo, na mkusanyaji ataondoka na katoni mbili na barua ya mwalimu mkuu. Mara nyingine itabidi akirudishe.

Kuhusu fedha, sitaki kudanganya kwamba hazihitajiki, lakini ni za nauli kuliko za bei. Neno mtumba wapagazi walilitumia kwa robota la nguo lililobebwa kutoka pwani. Leo ni jina la kila kitu kilichotumika, na kwenye meza za mitumba vitabu hugharimu pungufu ya shati. Kinachohitajika ni jicho. Fungua nyuma ya ukurasa wa jina utazame chapa ya kwanza ni ya mwaka gani na hii ni ya ngapi. Tazama kama bei imechapwa kwa shilingi na senti, kama jina la mwanafunzi limeandikwa kwa kalamu, kama ramani haijachanwa. Jalada la karatasi likiwa limetengana na kitabu usilitupe na usilibandike kwa selotepu, maana gundi yake huacha doa lisilotoka. Lifunge pamoja na kitabu kwa utepe wa pamba. Rafu iwe mbali na ukuta na juu ya sakafu, miguu yake ionekane yote, ili mchwa wakianza kujenga njia yao uione asubuhi. Kisha andika kwa penseli, ndani ya jalada la nyuma, kitabu kilipatikana mji gani, mwaka gani, na kilikuwa cha nani kama mwenyewe hakatazi.

Wenye vitabu hivi wengi wao ni walimu, makatekista na makarani waliosoma miaka ya 1950, na umri wao sasa umezidi miaka 80. Sanduku liko chini ya kitanda, Tabora mjini, Sikonge, Ndala, Kigoma. Siku ya kumaliza matanga nguo za marehemu hugawiwa, vyombo huhesabiwa, shamba hujadiliwa hadi jioni. Sanduku la vitabu hufunguliwa mwisho, watu wamechoka, na karatasi kavu za miaka 70 hushika moto upesi kuliko kuni. Wakati wa kubisha hodi kwa mzee na kumwomba akuonyeshe alichokuwa akisoma ni sasa, yeye mwenyewe akiwa bado anaweza kusema kitabu kipi alipewa na nani, na kwa nini hakukiuza.